Siku Niliyokataa Kuliua Jitu la Vumbi

Jumamosi iliyopita mafundi walimaliza kutandaza kabro kwenye uwanja wa nyanya yangu pale Kitengela, nami nilikuwa hapo nikiwapigia makofi. Shangazi yangu, ambaye ndiye anayeishi kwenye nyumba ile sasa, alikuwa amenipigia simu mara tatu: njoo uone, njoo uone, tumeagana na vumbi! Nikaja mbio. Nikakuta matofali ya kijivu yamepangwa yakapangika, fundi akigonga la mwisho kwa nyundo ya mpira, na shangazi amevaa viatu vyeupe makusudi. Alitembea kutoka langoni hadi mlangoni, akavua kimoja, akanionyesha soli. Safi kabisa! Tukacheka, tukapewa chai iliyopikiwa palepale uani, juu ya mafiga ya mafundi. Ndipo nikamwuliza ufagio wa nyanya uko wapi.

"Ule wa vijiti?" akasema. "Ya nini tena? Nilipatia mafundi wakawashia moto ya chai."

Kikombe nilikuwa nimekishika mkononi, nusu nimeshakinywa.

Kaa basi, rafiki yangu, nikueleze kwa nini sikuimaliza chai ile. Siku zile barabara inayopita mbele ya nyumba yetu ilikuwa ya murram, udongo mwekundu usio na lami, na mwisho wake kulikuwa na machimbo ya mawe. Malori ya kokoto yalianza kupita saa mbili asubuhi, na kila moja lilipopita lilituachia wingu jekundu lililokuja taratibu, likaingia ndani, likakaa juu ya kitanda, juu ya sufuria, hata ndani ya masikio. Hungeweza kuvaa soksi nyeupe. Ukipiga chafya, leso ilikuwa na rangi ya matofali. Upande wa pili wa barabara kulikuwa na mbuga tupu, na miezi ya kiangazi nyumbu walikuja karibu kiasi kwamba tuliwasikia wakiguna wakati tunakula.

Nyanya alikuwa ametoka Ukambani akiwa na mambo mawili ambayo hakuna mtu aliyethubutu kubishana naye juu yake. La kwanza ni muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe kwenye chungu kuanzia asubuhi mpaka nyumba nzima inukie. La pili ni uwanja. Uwanja ulifagiwa kila siku kabla ya mimi kwenda shule, na wafagiaji tulikuwa mimi na yeye. Kwanza alinyunyiza maji yaliyobaki ya kuoshea vyombo, maana maji safi Kitengela hayakuwa ya mchezo, na harufu ya vumbi lililolowa ilipanda puani ikaniamsha vizuri kuliko chai. Kisha tulifagia kinyumenyume, migongo yetu ikielekea mlangoni, ili tusikanyage tulipokwisha kupita. Ufagio alikuwa ameufunga mwenyewe kwa kamba ya mkonge. Tukimaliza, udongo ulikuwa na mistari iliyopinda vizuri kama nywele zilizochanwa, na nyanya alisimama kizingitini akautazama kwa muda wa kutosha kumaliza kikombe kimoja cha uji. Saa mbili lori la kwanza likapita. Saa nne hungejua kama kuna mtu aliyewahi kufagia mahali pale.

Nilikuwa darasa la sita nilipomwuliza kwa hasira. Wakamba wengi nyanya tunamwita susu.

"Susu, si lori zitapita tu?"

"Zitapita."

"Na vumbi itarudi?"

"Itarudi."

"Sasa tunafagia ya nini?"

Akaniangalia kama mtoto aliyeuliza kwa nini tunakula na tutasikia njaa tena. "Kwani ni lori ndio zinaishi hapa?" akasema, akaendelea kufagia.

Jibu hilo lilinikera mwaka mzima. Nililibeba shuleni, nikalirudisha nyumbani, na nilipofika darasa la saba nikafanya kile ambacho mtoto mwenye kinyongo na daftari jipya hufanya. Nilianza kuandika hadithi.

Laiti ungeiona! Ilikuwa ya nchi iliyo juu ya mawingu, ambako kuna msichana anayeitwa Mueni. Mueni amepewa uwanja na ufagio, na sheria moja: siku uwanja utakapobaki safi mpaka jua litue, lango la mbinguni litafunguka naye atakuwa huru. Lakini ng'ambo ya milima saba linaishi Jitu la Vumbi, na kila jioni, jua likiwa limebakiza kidole kimoja tu, jitu linapumua. Fuu! Uwanja wote unafunikwa. Kesho yake Mueni anaanza upya. Baada ya miaka mia moja ya kufagia, Mueni anachoka kabisa, anatupa ufagio, anachukua mkuki na kufunga safari ya milima saba kwenda kuliuliza jitu kwa nini.

Niliandika mlima mmoja kila siku, nyuma ya daftari la hisabati. Mlima wa kwanza una nyoka wanaosema ukweli tu, na ukweli wao unauma kuliko meno. Wa tatu umeundwa kwa mifupa ya nyumbu, na ukiukanyaga unaguna. Aliyesoma wa kwanza daima alikuwa mwenzangu wa dawati, binti wa Kimaasai ambaye nyumba yao ilikuwa nyuma ya shule, na ambaye kila alipokuja kwetu aliinamisha kichwa ili nyanya amguse utosini kama watoto wa kwao wanavyowasalimu wazee. Nyanya alizoea, akawa anamwekea kiganja kilichojaa vumbi, naye anarudi kwao na alama nyekundu kwenye nywele. Akimaliza kusoma yeye, daftari lilizunguka darasa zima. Lilinirudia na mafuta ya mandazi, na maagizo yameandikwa pembeni kwa penseli: ongeza panga. Mueni apate bunduki. Mueni aolewe na mwana wa mfalme. Na kila ukurasa, kwa mwandiko wa kila aina: jitu liuawe!

Mwenzangu wa dawati peke yake ndiye aliyeuliza swali lingine.

"Hiyo jitu iko na ng'ombe?"

"Haina."

"Iko na watoto?"

"Haina."

"Sasa inataka nini na hiyo vumbi yote?"

Nikafikiria. Nilifikiria kuanzia kengele ya mapumziko mpaka ya chakula cha mchana, na nilipopata jibu nywele zilinisimama. Jitu halikutaka kitu! Ndiyo maana nilipomfikisha Mueni juu ya mlima wa saba, baada ya nyoka na mifupa na mto wa moto, alikuta jitu limelala fofofo. Halikuwa na ubaya na mtu yeyote. Lilikuwa usingizini siku zote, na vumbi lile lilikuwa pumzi yake tu. Hapo nikaacha, Mueni akiwa amesimama na mkuki juu ya koo la jitu, kwa sababu sikujua afanye nini. Darasa lilinizingira kama nzi. Nilikuwa na furaha ya ajabu, nakwambia. Sijawahi kupata tena wasomaji wenye njaa kama wale.

Ndipo mwalimu wa Kiswahili akalinasa daftari.

Mwalimu huyo alikuwa mwembamba, na suti ya kahawia iliyojaa chaki mabegani, na kalamu nyekundu iliyokaa nyuma ya sikio hata alipokula. Insha kwake ilikuwa na sheria zake. Ianze kwa kishindo, iwe na mtiririko mzuri katikati, na mwisho wake, usipofanya kingine chochote duniani, uandike: hadithi hii inatufunza kwamba. Tulikuwa tumeandika juu ya moto sokoni, juu ya arusi, juu ya siku niliyopotea, na zote zilikuwa zimetufunza. Hata insha ya mechi ya mpira ilitufunza utiifu. Alikaa na daftari langu siku tatu. Siku ya nne akaniita kwenye ofisi ya walimu, nami nikaenda nikiwa nimevaa sketi mbili, ili viboko visinifikie vizuri.

"Hii ni kazi yako?"

"Ndio, mwalimu."

"Uliinakili wapi?"

"Hakuna mahali, mwalimu."

Akafungua, akafunga. "Utaisoma Kajiado," akasema.

Kajiado! Mashindano ya shule za wilaya nzima! Darasani mwetu hakuna aliyewahi kwenda na shule mbali hivyo, na mimi binafsi sikuwa nimepita Isinya. Watoto wangekuja kutoka Ngong, kutoka Loitokitok chini ya mlima wenye theluji, na mimi ningesimama mbele yao wote. Nilitaka kuruka nikaguse dari.

"Lakini haina mwisho," mwalimu akasema, "na haina funzo. Insha bila funzo ni nini? Waamuzi watakukata alama zote. Jitu life, vumbi ikwishe, lango ifunguke. Halafu funzo. Ukishindwa, nitapeleka mwingine."

Nilitaka Kajiado kuliko nilivyompenda Mueni, huo ndio ukweli. Nikaliua jitu siku hiyohiyo, kwa sentensi mbili. Mkuki ukazama, vumbi likakoma, lango likafunguka kwa tarumbeta. Mwalimu akatoa kalamu sikioni na chini yake akaniandikia funzo kwa mkono wake mwenyewe: hadithi hii inatufunza umuhimu wa usafi wa mazingira.

Mwenzangu wa dawati alisoma, akanirudishia daftari bila kunitazama. "Umeiua bure," akasema. "Ilikuwa imelala." Siku nzima hakunisemesha tena, nami nilimkasirikia sana kwa sababu nilijua amesema kweli.

Siku ya safari ilifika. Shule haikuwa na basi, kwa hiyo mzazi mmoja alikuwa ameomba lori. Lori gani? La kokoto, rafiki yangu! Lilikuwa limefagiwa na kutandikwa turubai, na sisi tukapanda nyuma, wa shairi la pamoja, wa ngoma na mimi, na mwenzangu wa dawati akiwa katika kundi la shairi. Mwalimu alikaa mbele na dereva. Tulikuwa tumeshaanza kuimba kabla injini haijawaka.

Sikuwa nimewaza tutapita wapi. Lori liliingia barabara yetu, nikaona mti wetu wa mwisho wa kona, nikaona paa letu, na nikamwona nyanya uani ameinama, anamalizia mstari wa mwisho peke yake kwa sababu siku hiyo mimi nilikuwa nimeondoka mapema. Uwanja wote ulikuwa umechanwa. Kwa mara ya kwanza niliuona kutoka juu, mzima, na ulikuwa mzuri mno hata nikaacha kuimba. Nikataka kumpigia dereva kelele apunguze mwendo, lakini tulikuwa tumeshapita, na vumbi letu, vumbi langu mimi, lilikuwa limeshapanda nyuma yetu na kuanguka juu yake.

Nilisimama nikashika ubavu wa lori. Wingu likapungua kidogo. Nyanya alikuwa amesimama wima katikati ya uwanja, mwekundu kuanzia kilemba hadi miguu, ananitafuta kwa macho. Aliponiona aliinua ufagio juu kabisa kama mtu anayepunga bendera, akacheka. Nilimwona anacheka! Meno yalikuwa kitu cheupe pekee kwake. Kisha akageuka, akainama, akaanza tena.

Sikuimba mpaka Isinya. Wenzangu waliwazomea pundamilia, wakashangilia mbuni, wakala mkate wao wote kabla ya saa tatu, na mimi nilikaa juu ya turubai na daftari kifuani.

Ukumbi wa Kajiado ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Waamuzi watatu walikuwa wameketi nyuma ya meza yenye kitambaa cha kushonwa kwa mkono, na aliyekuwa katikati alikuwa mama mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo. Aliyenitangulia alisoma juu ya hatari za ulevi, na ikatufunza. Nilipoitwa, nilisimama mbele yao nikafungua daftari. Nilipoanza tu, nyoka wa ukweli wakawashika. Niliwasikia wakinyamaza, safu baada ya safu. Kwenye mlima wa mifupa kuna mtoto mahali fulani aliguna kama nyumbu, ukumbi ukaangua kicheko, na nikaendelea kwa sauti kubwa zaidi. Nilifika mlima wa saba. Mueni akainua mkuki juu ya koo la jitu. Nikageuza ukurasa, nikaiona ile kalamu nyekundu.

Umuhimu wa usafi wa mazingira!

Mwalimu alikuwa amesimama kando ya mlango, midomo yake ikienda pamoja na yangu, maana alikuwa ameihifadhi hadithi yote. Nilimwona. Nilijua nikifanya nilichotaka kufanya sitaletwa Kajiado tena, na pengine Jumatatu sketi mbili hazitatosha. Kisha nikamwona susu na ufagio wake hewani, na nikafunga daftari.

Niliisema kwa mdomo. Mueni akatupa mkuki chini. Akainama kwenye sikio la jitu, sikio kubwa kama pango, akapiga kelele, kwa nini? Jitu likajigeuza upande wa pili, likakoroma. Mueni akauliza tena, mara saba, mara moja kwa kila mlima, na jitu halikuamka, kwa sababu hakukuwa na jibu lililokuwa limelala ndani yake. Mueni akakaa chini na kuanza kucheka. Alicheka mpaka machozi. Akashuka milima yote saba akicheka, akafika kwake, akakuta vumbi linafika kwenye vifundo vya miguu, akaokota ufagio. Hakuwa anafagia ili lango lifunguke tena. Alichora mistari, akachora twiga, akachora jina lake kutoka ukuta hadi ukuta. Jua likabakiza kidole kimoja. Jitu likapumua, fuu! Na Mueni alisimama katikati ya wingu, mwekundu mpaka kwenye kope, akainua ufagio juu, akalichekea. Kisha akaingia ndani kupika.

Mama wa miwani akasubiri, kalamu mkononi.

"Na funzo?" akauliza.

"Hakuna, mwalimu," nikasema. "Alifagia tu."

Rafiki yangu, sijui nani alianza. Nadhani ni mwenzangu wa dawati, kwa sababu ni kutoka upande wa kundi letu nilikosikia kiganja cha kwanza kikigonga benchi. Halafu vikawa viganja mia, vikawa miguu, wale wa madirishani wakagonga mabati, na mwamuzi akagonga glasi na hakusikika. Nilipata alama za chini kuliko wote waliosoma siku hiyo, na karatasi ya matokeo ilisema kwa herufi kubwa: HAINA FUNZO.

Kurudi, mwalimu alikaa mbele, hakugeuka hata mara moja. Mwenzangu wa dawati alilala begani kwangu njia nzima. Lori lilisimama langoni kwetu jioni, nikashuka, na mlango wa mbele ukafunguka. Mwalimu naye akashuka, suti yake ikiwa imegeuka nyekundu. Nyanya alikuwa amesimama kizingitini anatutazama. Niliangalia chini na kusubiri.

Akakohoa. "Na kesho yake?" akasema.

"Kesho yake gani, mwalimu?"

"Mueni." Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayeuliza habari za mgonjwa. "Kesho yake alifagia?"

"Alifagia, mwalimu."

Akatikisa kichwa polepole, akakubali. Akamsalimia nyanya, akapanda lori, na lori likaondoka, likatumwagia vumbi lote lililobaki la siku ile. Tulipoonana tena ndani ya wingu, mimi na susu, tulicheka mpaka tukashikana.

Miaka ilipita, nikafika chuo kikuu, na siku moja mhadhiri akatufundisha falsafa ya ubwege. Mtu anauliza maisha yana maana gani, akasema, na ulimwengu unakaa kimya. Uasi wa kweli si kujidanganya kwamba umejibiwa, bali ni kuendelea kuishi kwa moyo wote huku ukijua hutajibiwa. Wenzangu waliandika kwa huzuni. Mimi nilikuwa karibu kupanda juu ya meza. Ninamjua huyo! Nilikuwa namfagilia upande wa langoni kila asubuhi! Likizo ilipofika nilimweleza nyanya, naye akanisikiliza mpaka mwisho huku akichambua maharagwe. "Na hao watu," akauliza, "waliandika hayo yote ndio wajue?"

Sasa nyanya hayupo. Machimbo yamefungwa, barabara ni ya lami, na mahali nyumbu walipokuwa wakiguna pana maghorofa na duka la simu. Mwalimu nasikia amestaafu na analima nyanya na vitunguu kule Rombo. Daftari lilipotea tulipohamisha vitu, na sikulitafuta sana, kwa sababu hadithi yenyewe bado ninayo.

Lakini Jumamosi ile, shangazi alipoingia ndani, nilibaki uani peke yangu na chai imepoa. Jua lilikuwa linashuka. Likabakiza kidole kimoja. Nikajikuta nimesimama, moyo unanidunda kama wa mtoto, nikiangalia barabara. Hakuna kilichopita. Jua likatua, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe uwanja wa susu ulikuwa safi mpaka mwisho. Niliangalia juu, rafiki yangu. Naona aibu kukuambia, lakini niliangalia. Hakuna lango lililofunguka.

Nikachukua ufagio wa plastiki wa shangazi uliokuwa nyuma ya mlango. Nikaanza langoni, mgongo ukielekea nyumba, nikafagia kinyumenyume, taratibu, kama nilivyofundishwa. Shangazi akachungulia dirishani.

"Sasa wewe unafagia nini na hakuna uchafu?"

"Nafagia tu," nikamwambia, na nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja.

Nilipofika kizingitini nilisimama pale aliposimama yeye na uji wake, nikatazama mistari. Hakukuwa na hata mmoja.